Tuifufue Mashua, Tuuandike Ufundi

Hotuba kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Kiwengwa, Unguja



Sisi watu wa elimu ya watu wazima tukija kijijini, wengi hutarajia tuzungumze juu ya herufi na hesabu. Leo tutazungumza juu ya mashua. Lakini mtaona kuwa herufi na hesabu zimo ndani yake, tangu omo mpaka tezi.

Katika pwani zetu za Unguja kuna vyombo vilivyopandishwa mchangani na kuachwa. Kwanza chombo kilivuja kidogo. Mwenyewe akasema, nitakiziba baada ya bamvua hili. Bamvua likapita, likaja jingine. Jua likapasua mbao. Mvua ikajaa ndani. Watoto wakapafanya mahali pa kuchezea. Siku moja mtu anapita na kusema, "Hiki si chombo tena, hizi ni kuni."

Au anakuja mtu mwingine, mwenye duka la samani. Anataka kukinunua akikate, afanye meza na viti vya kuwauzia wageni. Mbao za vyombo vya zamani zinapendwa sana kwa kazi hiyo. Fedha anazotoa ni fedha za siku moja. Mashua iliyotengenezwa vizuri huvua mwaka hata mwaka.

Hatusemi kwamba kila chombo kikuukuu kifufuliwe. Vingine vimekwisha kweli. Tunasema hivi: tusikihukumu chombo kabla ya kukipima. Tena jambo hili lina haraka, kwa sababu fundi anayejua kukipima mara nyingi ni mzee. Mbao ikioza tunaweza kutafuta nyingine. Fundi akiondoka na ujuzi wake, tutaupata wapi?

KUKIPIMA CHOMBO

Tuchukue mfano. Tuseme hapa Kiwengwa wako wavuvi watano wenye mashua moja ya shirika. Urefu wake ni pima 4. Mashua imelala mchangani mwaka mzima. Watatu wanataka kuiuza, wawili wanataka kuitengeneza. Wafanyeje?

Kwanza wangoje bamvua. Wote mnajua kuwa mwezi ukiandama, na tena mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Hapa Zanzibar tofauti ya maji kujaa na maji kutoka wakati wa bamvua hufika kama mita 4. Maji hayo ndiyo winchi ya maskini. Huinua chombo bure na kukifikisha juu ya mchanga. Hapo watu hukisogeza kwa kamba na magogo, kisha hukisimamisha wima kwa magadi. Chombo kilicholala ubavu hakipimiki.

Pili, wakikwangue. Waondoe majani ya bahari na kombe walioganda. Uchafu huo huficha maradhi.

Tatu, wakigonge. Fundi hugonga ubao mmoja mmoja kwa nyundo huku akisikiliza. Ubao mzima hulia. Ubao uliooza hutoa sauti nzito, kama mtu anayezungumza chini ya shuka. Pale penye shaka huchoma kwa ncha ya kisu. Kisu kikigoma, ni salama. Kikizama kama katika muhogo wa kuchemsha, ubao umekufa.

Jihadharini na jambo moja. Kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Umbo lake ni kama mnyoo, lakini kwa kweli ni jamaa ya kombe na chaza. Huingia akiwa mdogo sana, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini. Akiisha kuingia huanza kula na kunenepa humo humo. Kwa nje ubao unaonekana mzuri. Kwa ndani ni matundu matupu. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi, lazima kugonga.

Nne, waandike. Hapa ndipo kisomo kinapoingia. Mmoja achukue daftari, apige mistari, aandike: ubao wa ngapi, upande gani, umeharibika wapi, unahitaji nini. Mkuku mzima au mbovu? Mataruma mangapi mazima, mangapi mabovu? Mlingoti je? Foromali je? Tanga je?

Kazi ikiisha, daftari litasema kweli. Ikiwa mkuku ni mzima na mataruma mengi ni mazima, mashua hiyo ni mgonjwa wa kupona. Ikiwa mkuku umeoza na mataruma yamelegea yote, kuitengeneza ni sawa na kujenga mpya. Wale watano sasa hawagombani tena kwa maneno. Wote wanatazama ukurasa mmoja.

HESABU YA FUNDI

Mafundi wetu hawatumii ramani ya karatasi. Hupima kwa mwili: shibiri, dhiraa, pima. Shibiri 2 ni dhiraa 1. Dhiraa 4 ni pima 1. Lakini tukienda kununua mbao mjini, muuzaji hupima kwa mita au futi. Tusipojua kubadilisha, tutanunua pungufu au tutapoteza fedha.

Basi tukumbuke: dhiraa 1 ni kama sentimita 46. Pima 1 ni kama mita 1 na sentimita 83. Mashua yetu ya pima 4 ina urefu wa mita 7 na zaidi kidogo.

Tuseme mbao mbovu ni 3, na kila ubao una urefu wa dhiraa 5. Tatu mara tano ni dhiraa 15. Kwa mita ni karibu 7. Tuongeze kidogo kwa ajili ya kukata na kuchonga. Hesabu hii ni ndogo. Lakini mtu anayeijua hadanganywi dukani.

KUCHAGUA MITI

Si kila mti unafaa kila mahali. Mkuku na mbao za ubavuni hutaka mti mgumu usioogopa maji, kama mvule. Mataruma ni habari nyingine. Taruma lazima lipinde kama ubavu wa ng'ombe. Ukichukua ubao ulionyooka na kuukata upinde, nyuzi za mti hukatika na taruma hupasuka. Kwa hiyo fundi hutafuta tawi lililopinda lenyewe tangu kukua. Mwembe na mfenesi hutoa matawi ya namna hiyo, na miti hiyo tunayo kwa wingi Unguja. Ngalawa nazo, mnajua wenyewe, gogo lake huchongwa kwa mwembe.

Lakini tusitoke hapa na shoka. Msitu wa Kiwengwa na Pongwe ni hifadhi. Humo hamkatwi mti wa chombo wala wa kuni. Hata mwembe wa shambani, tupite kwanza kwa Sheha na kwa watu wa misitu tupate ruhusa. Na kila anayekata mmoja apande zaidi ya mmoja. Mwembe tunaoupanda mwaka huu ni mataruma ya wajukuu zetu.

KUTENGENEZA

Sasa fundi anaanza kazi. Vifaa vyake mnavijua: tezo, msumeno, patasi, nyundo, na keke ya kutobolea. Kwa vifaa hivyo watu wa Nungwi wamejenga vyombo vizima kwa miaka mingi, pale pale mchangani.

Kanuni ya kwanza: usivue mbao zote kwa pamoja. Chombo kina umbo lake. Ukikivua chote, umbo hulegea, na hutalipata tena. Toa ubao mmoja, weka ubao mmoja. Toa taruma moja, liache la pili, shika la tatu. Na ubao mbovu usiutupe. Huo ndio kipimo cha ubao mpya. Uweke juu ya mti mpya, uchore pembeni yake, kisha ukate.

Kanuni ya pili: toboa kabla ya kupiga msumari. Msumari unaolazimishwa hupasua ubao. Fundi hutoboa kwa keke, huuzungushia msumari pamba yenye mafuta, kisha huupiga. Pamba ile huzuia maji kupita kando ya msumari. Tumieni misumari iliyopakwa zinki. Msichanganye misumari ya shaba na ya chuma mahali pamoja. Ikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile ya chuma huliwa upesi sana.

Kanuni ya tatu: kalafati isifanywe kwa haraka. Kalafati ni kuziba nafasi zilizo kati ya ubao na ubao. Pamba husokotwa, huloweshwa mafuta ya nazi au sifa, kisha huingizwa kwa patasi butu na nyundo. Ikiwa nyepesi, maji yatapita. Ikizidi kubanwa, kuna hatari. Mbao zikiingia majini hunywa maji na kuvimba. Pamba ikiwa imejaa kupita kiasi, mbao hazina pa kwenda. Zitasukumana mpaka misumari ing'oke. Kiasi chake kiko katika sikio na mkono wa fundi. Nyundo hubadilisha sauti pamba inapotosha. Kijana hawezi kujifunza sauti hiyo kwa kusimuliwa. Lazima akae pale asikie.

Kanuni ya nne: paka, kisha rudia kupaka. Juu ya maji chombo hupakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa. Harufu yake haipendezi, lakini ubao unaipenda. Chini ya maji hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Deheni humzuia yule mdudu asipate pa kuingilia. Haidumu milele. Kila chombo kinapopandishwa lazima kutazama na kupaka tena. Wazee hupitisha pia mwenge wa makuti chini ya chombo ili joto liwaue wadudu. Ni kazi nzuri, ila si ya siku ya upepo. Ondoeni tanga, ondoeni mafuta ya injini, na wekeni ndoo za maji karibu.

Kazi ya kalafati isifanywe katikati ya masika. Mbao zikiwa na maji ya mvua, pamba haikai vizuri.

Mwisho ni tanga na kamba. Tanga litandikwe chini, litazamwe mshono kwa mshono. Henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, ivutwe kwa nguvu ikiwa bado nchi kavu. Ni heri ikatike hapa kuliko nje ya mwamba.

Siku ya kushua msishtuke. Chombo kilichokaa pakavu huvuja siku za kwanza. Mbao hazijavimba. Kiacheni katika maji madogo, mkichote maji, mpaka kitulie. Hapo ndipo kiende kazini.

ULE MTEPE

Sasa tuwaeleze kwa nini tunasema tuandike.

Zamani pwani hii ilikuwa na chombo kinachoitwa mtepe. Mtepe haukupigwa misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Vyombo vya kushonwa ni vya kale mno katika bahari yetu. Msafiri mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, yapata miaka 2,000 iliyopita, alitaja vyombo vya namna hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki.

Basi chombo kilichoishi muda wote huo kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Hakikuzama kwa dhoruba. Mafundi wake walizeeka, vijana wakashika kazi nyingine, na kazi ikaisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa makumbusho walitaka kuujenga tena mtepe hapa Zanzibar, ili uwekwe katika jumba la Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe. Ilikuwa kazi ngumu. Fundi wa mtepe wa kumwuliza hakuwapo tena. Ilibidi kutazama mifano midogo iliyohifadhiwa, picha, na maandishi ya watu waliouona zamani. Kwa hayo ukajengwa. Ndugu zetu, fikirini. Kama wale waliouona wasingeandika, tungebaki na jina tu.

Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilianguka. Hili nalo ni fundisho. Hata nyumba kubwa ya mawe huanguka. Ufundi usikae mahali pamoja tu. Ukae katika mikono ya vijana, ukae na katika daftari.

Na kumbukeni kitu kimoja kuhusu ule mtepe. Kilichoshika mbao zake ni kamba ya makumbi. Kufukia makumbi, kuyapiga, kutoa usumba na kusokota kamba ni kazi ambayo mama zetu wa pwani ya mashariki wanaijua vizuri. Kwa hiyo mtu asiseme kuwa habari za vyombo ni za wanaume peke yao. Mama aliyehitimu kisomo naye aandike ufundi wake: makumbi hufukiwa siku ngapi, wapi, na kamba nzuri hujulikanaje.

JE, BOTI ZA FAIBA?

Vijana wengine watatuuliza, "Mwalimu, mbona siku hizi ziko boti za faiba na injini? Za nini hizi mbao?"

Swali ni la haki. Faiba haioti wadudu, na injini haingoji upepo. Mwenye uwezo nazo azitumie, hatumkatazi. Lakini faiba ikipasuka, dawa yake inatoka dukani. Injini ikikaa bila mafuta, ni mzigo. Mashua ya mbao ikivunjika taruma, mti uko shambani na fundi yuko kijijini. Upepo wa kaskazi na wa kusi hauuzwi kwa lita. Tena wageni wanaokuja Kiwengwa wana boti za injini kwao. Wakija hapa hupenda kupanda chombo cha tanga. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Na tusidhani kwamba ufundi huu ni wa mbao tu. Mwaka 2018 huko Lamu, Kenya, mafundi wa majahazi walishusha majini chombo kilichojengwa kwa plastiki iliyokwisha tumika, iliyookotwa na kuyeyushwa. Wakakiita Flipflopi. Mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Kitu kilikuwa kipya, lakini mkuku, mataruma na tanga vilikuwa vile vile vya babu zetu. Mwenye ufundi hata akipewa takataka hujenga chombo. Asiye na ufundi hata akipewa mvule hujenga kuni.

DAFTARI LA CHOMBO

Tunamaliza kwa kazi. Kila kikundi cha wahitimu kichague fundi mmoja. Kimwombe ruhusa kwa adabu, maana ujuzi ni mali yake. Kisha wawili waende naye kazini, mmoja ashike tezo, mmoja ashike kalamu.

Fundi hazoei kuulizwa. Mkimwuliza, "Fundi, umejuaje kuwa taruma hili linatosha?" huenda akajibu, "Naona tu, mwanangu." Msiishie hapo. Mwulizeni tena, "Na lingekuwa jembamba, lingefanya nini?" Hapo atasema, "Lingepasuka penye msumari, pale ubavu unapopinda." Andikeni hayo maneno kama alivyosema, bila kuyapamba. Chini yake choreni taruma na mtie alama pale penye msumari. Msione haya kwa mwandiko mbaya. Mwandiko mbaya unasomeka. Ujuzi uliozikwa hausomeki.

Andikeni majina ya vifaa na sehemu za chombo kama yanavyotamkwa hapa Kiwengwa. Andikeni vipimo kwa dhiraa na kwa mita. Andikeni tarehe ya kupandisha, ya kupaka deheni, ya kushua. Mwisho wa daftari andikeni jina la fundi, kwa ruhusa yake, ili wajukuu wajue wamshukuru nani.

Na wale wavuvi wetu watano wa mfano? Sisi hatuwezi kuwaamulia. Lakini sasa wana daftari. Wanajua mbao mbovu ni 3 na mkuku ni mzima. Anayetaka kuuza na anayetaka kutengeneza wote wanajua wanachouza au wanachotengeneza. Tunaloomba ni kwamba wasingoje bamvua jingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipoziba mashua hutapata hata pa kujenga.



MANENO YA KUKUMBUKA

Bamvua: wakati maji ya bahari yanapojaa sana na kutoka sana.
Deheni: shahamu na chokaa ya kupaka chombo chini.
Foromali: mti unaoshika tanga juu ya mlingoti.
Kalafati: kuziba nafasi za mbao kwa pamba.
Magadi: miti ya kusimamishia chombo nchi kavu.
Mkuku: mti mkuu wa chini unaobeba chombo chote.
Omo na tezi: mbele na nyuma ya chombo.
Taruma: mti uliopinda ndani ya chombo, kama ubavu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kalafati isibanwe kupita kiasi?
2. Mbao mbovu ni 4, kila moja ina dhiraa 6. Jumla ni dhiraa ngapi? Ni karibu mita ngapi?
3. Mtepe ulitoweka kwa sababu gani?
4. Pwani yetu ina vyombo vingapi vilivyoachwa? Kipi kinaweza kupimwa katika bamvua lijalo?
5. Nani kijijini petu ana ufundi ambao haujaandikwa? Nani atakwenda kumwomba?